Bonsai ya maua kwa jua la Tabora: ununue mche upi?

Ukifika kwenye kitalu kutafuta mche wa bonsai, yaani mti unaotunzwa ubaki mdogo kwenye chungu kifupi, muuzaji atakuonyesha ua kwanza. Wewe inama uangalie shina. Fukua udongo kwa kidole pale linapoingia ardhini: unatafuta kitako kipana chenye mizizi iliyotawanyika pande zote, siyo kijiti kilichonyooka kama mwiko. Mche uliopinda, au uliowahi kukatwa kichwa na mbuzi, wateja wengi wanaupita. Huo ndio wa kuulizia bei, na mara nyingi muuzaji atafurahi kuona unaondoka.

Jingine la kujua mapema ni kwamba mti ukikaa kwenye chungu kifupi na kupogolewa, majani hupungua ukubwa. Maua na matunda hayapungui.

Namba moja, bila ubishi, ni bogenvilia. Asili yake ni Amerika Kusini, lakini kiangazi chetu kinaifaa kweli. Hapa mvua hukatika kuelekea Mei na kurudi Novemba hivi, na bogenvilia hupenda kuchanua ikishaonja ukame. Acha udongo ukauke mpaka majani yaanze kulegea, kisha mwagilia hadi maji yatoke chini, halafu subiri tena. Zile rangi si maua hasa, ni majani yaliyogeuka. Ua lenyewe ni kile kidogo cheupe cha katikati, na ndiyo sababu rangi hudumu muda mrefu. Ukiijaza urea utavuna majani mabichi tu.

Kama una subira, usinunue kabisa: ngoja jirani ang'oe uzio wake wa bogenvilia, umwombe kisiki chenye unene wa kifundo cha mkono. Pogoa matawi yote, fupisha mizizi, kisha ukipande kisiki kwenye changarawe mahali penye kivuli chepesi mvua zinapoanza. Mbao yake ni laini na kidonda kikubwa huoza, kwa hiyo kizibe kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo ya kula. Mtu wa Tabora kukosa nta itakuwa ajabu. Ukinunua mche wa kwenye kiriba, chana kiriba kwa wembe, usiuvute kwa shina. Mizizi yake midogo hukatika kirahisi sana.

Ya pili ni mkomamanga. Majani madogo, ua jekundu la kuwaka, na shina ambalo likizeeka hujisokota lenyewe. Ukipata ile aina fupi yenye matunda madogo, chukua hapohapo. Kama ni ya kawaida, bado inafaa, ila komamanga zima kwenye kimti cha futi moja linaonekana kichekesho, na linakilemea. Liondoe likiwa changa. Matawi machanga yafunge waya mapema ili uyapinde, maana yakikomaa huvunjika. Majani yakipukutika wakati wa baridi ya Juni na Julai, usiutupe. Kwaruza gome kwa ukucha, ukiona kijani mti uko hai.

Waridi la jangwani naliweka la tatu, ingawa wauzaji wengi watalitaja la kwanza. Ni zuri, na halilalamiki maji yakikatika bombani. Tatizo ni mvua: kuanzia Novemba liingize barazani, la sivyo linaoza. Mwenzangu wa Kigoma, huko kwenye unyevu wa ziwa, awe mwangalifu zaidi. Bonyeza tako la mche, yaani shina lililovimba chini, kabla ya kulipa, likibonyea, limeshaoza. Uliza pia kama limetokana na mbegu, kwa sababu la kipandikizi cha tawi kwa kawaida halitoi lile tako nene linalotafutwa. Utomvu wake ni sumu, watu wamewahi kuutumia kwenye mishale, basi nawa mikono na uweke mbali na watoto.

Mkwaju ni wa nne. Kwa umbo unaishinda yote niliyotaja, ila maua yake ni madogo na yanachelewa.

Mkrismasi na jakaranda acha barabarani. Majani yao ni marefu mno, na kwenye chungu kifupi ni nadra kuchanua. Muuzaji akikuapia kwamba jakaranda yake itachanua mwakani, mshukuru uende zako.

Bonsai iliyokwisha kutengenezwa, iliyopanda basi kutoka Dar, itikise kidogo. Ikicheza kwenye chungu, imepandwa juzi. Tazama pia waya uliozama ndani ya gome. Kovu lake hukaa miaka.

Chungu cha kigeni hakina haraka. Beseni la plastiki lililotobolewa matundu linatosha miaka miwili ya mwanzo. Usijaze udongo mtupu wa bustani, hugandamana na kuzuia maji. Ponda matofali ya kuchoma, chekecha uondoe vumbi, uchanganye na samadi kidogo iliyooza vizuri.