Unmanic kwenye Linux: ibane maktaba ya harusi, lakini jaribu kwanza

Assalamu alaykum jamaa zangu, karibuni. Leo nakuleteeni Unmanic, programu ya kubana video, na nasema hasa na nyinyi mnaopiga video za harusi na maulidi hapa Unguja na Pemba, ambao diski zenu zimejaa pomoni.

Unaionesha folda, yenyewe inapita faili moja moja. Lililo kwenye H.264, mtindo wa zamani wa kubana video, inaligeuza kuwa H.265, mtindo mpya zaidi, na wewe unaendelea na shughuli zako. Injini yake ni FFmpeg, programu ya kugeuza video. H.265 ilitoka mwaka 2013, miaka 10 baada ya H.264, na kwa ubora ule ule faili huweza kushuka karibu nusu. Programu ni ya bure.

Kuiweka hakuna tabu. Kwenye Ubuntu anza na sudo apt install docker.io, hiyo ni Docker, inayoendesha programu ndani ya kasha lake (kontena), kisha vuta kontena ya josh5/unmanic. Ipe njia tatu: /config ya mipangilio, /library ya video, na /tmp/unmanic ambamo faili hukaa likiwa linabanwa. Tazameni hapa kwenye skrini: PUID na PGID, yaani namba ya mtumiaji na ya kundi lake, nimeweka 1000, ndiyo namba yangu. Andika id kwenye terminal uione yako, la sivyo faili zinaweza kurudi kwa jina la mtumiaji mwengine na ukataliwe kuzihariri. Fungua kivinjari, localhost:8888. Hiyo, imeshawaka.

Ukiiacha hivyo haifanyi kitu. Ingia sehemu ya programu-jalizi, weka ile ya kubana video, halafu rudi kwenye maktaba yako uiunganishe. Bila kuiunganisha utasubiri mpaka kesho.

Sasa nisikilizeni vizuri. Unmanic ikimaliza, faili jipya linakaa mahali pa lile la asili, na la asili linaondoka. Harusi ya watu hairudiwi! Tafadhalini, anzeni na folda ya nakala. Chukua kipande cha usiku, bibi harusi ameinua mkono wenye hina, kisha ikuze picha. Maua ya hina yakiwa yamevurugika, punguza CRF, namba ya ubora: ikiwa ndogo, picha huwa safi zaidi. Kawaida ya x265, kibanaji cha H.265, ni 28. Mimi kwa harusi naweka 22, faili linakuwa kubwa kidogo lakini roho yangu inatulia.

Umeme ukikatika katikati usihofu, faili la asili haliguswi mpaka kazi iishe.

Wenye Intel mnaweza kuongeza /dev/dri ili chipu ya picha ibane, kasi inapanda sana, ila kwa ubora ule ule faili huwa zito zaidi. Kwa akiba ya miaka mimi naiachia prosesa, mfanyakazi (worker) mmoja, yaani faili moja kwa wakati, usiku kucha. Na flashi ya mteja mpeni H.264, maana televisheni nyingi za zamani haziisomi H.265.

Ukiwa na kompyuta kadhaa studio, itazame Tdarr, programu nyingine ya aina hii, inagawa kazi kwa mashine zote. Kwa mwenye mashine moja, chaguo langu ni Unmanic.