Jorodi wa Harambe: siku moja Animal Kingdom, Florida

Nimezaliwa Lamu, mtaa wa Langoni, na babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa milango ya nakshi. Kwa hiyo mpwa wangu anayeishi Orlando aliponiambia kwamba ndani ya bustani ya Disney kuna mji wa Waswahili, nilimwambia anipeleke huko kwanza, mengine yatafuata.

Mji unaitwa Harambe, e moja tu mwishoni. Upo ndani ya Disney's Animal Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Aliyeongoza usanifu wa bustani nzima ni Joe Rohde, na sura ya Harambe waliichukua Lamu. Ukiwa mtu wa Lamu huhitaji kuambiwa. Nilisimama mbele ya ukuta mmoja hadi wenzangu wakaniacha nyuma. Lipu imebanduka, na pale ilipobanduka yanachungulia mawe kama yale ya matumbawe tunayojengea sisi. Nikaupapasa. Ni saruji iliyochongwa ikapakwa rangi, lakini aliyeufanya alikaa akatazama jinsi chokaa inavyoliwa na chumvi. Hilo halibuniwi ofisini. Penginepo pameandikwa Uhuru, 1961. Sisi Kenya tulipata wetu 1963, huo ni mwaka wa Tanganyika, ila Harambe ni mji wa kubuni na una haki ya kuwa na tarehe yake.

Lililonifanya niandike haya ni bango la duka. Kuta za Harambe zimejaa matangazo ya biashara, na mojawapo ni la Jorodi, muuza vinyago na shanga. Wageni wanapita chini yake na aiskrimu zao. Mimi nikalisoma kwa sauti, kama ninavyosoma kila kibao tangu utotoni: Jo-ro-di. Nikarudia. Ndipo liliponijia: Joe Rohde! Jina lake limeandikwa vile vile mama yangu angelitamka. Na zile shanga si za bure, kwa kuwa bwana huyo anajulikana kwa hereni lake zito, lililoning'inizwa vipuli alivyookota katika safari zake. Alistaafu mwanzoni mwa 2021 baada ya miaka 40 Disney. Jorodi bado yuko ukutani. Nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu siri hii inataka sikio la Kiswahili kuifungua.

Babu naye alikuwa na ya kwake. Hakuandika jina juu ya mlango. Alichonga kisamaki ubavuni mwa mwimo, pale panapofichika mlango ukifungwa.

Kesho yake tulikwenda Magic Kingdom, bustani nyingine ya Disney huko huko Florida, na huko nikaona kwamba kuficha majina ni desturi yao ya siku nyingi. Ilianzia Disneyland ya California, iliyofunguliwa 1955, ambako madirisha ya ghorofani kwenye barabara kuu yana majina ya watu waliofanya kazi. Dirisha moja ni la Elias Disney, baba yake Walt Disney aliyeanzisha kampuni, limeandikwa kuwa ni la mkandarasi tangu 1895. Mzee huyo alikuwa seremala kwenye ujenzi wa yale maonyesho makubwa ya Chicago ya 1893.

Kwenye Haunted Mansion, jumba la mizuka la Magic Kingdom, majina yamo makaburini, nje, njiani mwa foleni. Kuna Fred aliyeangukiwa na jiwe kubwa kichwani. Huyo ni Fred Joerger, bingwa wao wa miamba ya bandia. Bwana Gracey ni Yale Gracey, fundi wa mizuka. Kaburi la Leota ndilo lililotugandisha. Leota Toombs alikuwa mmoja wa watengenezaji, na uso wake ndio uliotumika kwa yule mwaguzi aliye ndani ya tufe la kioo. Jiwe lake lina uso wa shaba uliolala. Ukisubiri, macho yanafumbuka. Mjukuu wangu wa miaka minane alinishika buibui kwa mikono miwili, akanong'ona, "Bibi, ametuona." Tukangoja yafumbuke tena mara tatu, watu wakitupita.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeiweka kwa ajili ya mafundi. Mapaa ya nyasi ya Harambe yaliezekwa na Wazulu walioletwa kutoka Afrika Kusini, nami ningependa sana majina yao yawe na bango ukutani karibu na Jorodi. Na fundi mmoja wa Lamu awe na lake, aliyeichonga milango iliyotazamwa.

Ukienda, ingia asubuhi lango linapofunguliwa, uende moja kwa moja kwenye gari la Kilimanjaro Safaris, ni safari ya kama dakika 20, kabla jua halijawafukuza wanyama vivulini. Halafu rudi Harambe taratibu, usome kila kibao kwa sauti.

Usiku ule nilimpigia dada yangu Lamu, nikamwomba aende kwa jirani, aufungue ule mlango wa babu, anipigie picha ya mwimo. Imefika leo. Kisamaki kimezibwa rangi ya mafuta, lakini mkia na jicho vinaonekana.