Pedi za Breki za IST Kwenye Boksi la Chungwa: Umefunga Mwenyewe, Mbona Gari Inalia?

Assalaam alaykum jamani, karibuni tena. Mezani leo kuna boksi la rangi ya chungwa, pedi za breki za mbele za Toyota IST. Na ninalileta kwa sababu ujumbe mnaonitumia siku hizi ni wa aina moja: "Nimefunga pedi mpya nyumbani, zile za zamani zilikuwa kimya, hizi zinapiga kelele." Haya, kaa hapo hapo usiondoke, tutaipima pedi na kelele tutaitafuta pamoja.

Vipimo sisomi. Ukenda dukani, Darajani au Mwanakwerekwe, nenda na namba ya chesisi au nenda na pedi kuukuu mkononi, utapewa saizi yako.

Pedi yenyewe si mbaya, tuwe wakweli. Itazame kwa karibu: kingo zake mbili zimekatwa mshazari, na katikati kuna mfereji. Zile za bei ya kutupa zinakuja na kingo kali, na kingo kali ikigusa diski ndiyo inaanza kulia. Nyuma kuna bati jembamba la kunyonya mtikisiko, limeshika vizuri. Hapo nawapa maksi.

Sasa namwaga boksi. Pedi nne. Karatasi. Basi! Klipu ziko wapi? Jamani, klipu ziko wapi? Vile vibati vya chuma kisichoshika kutu, vinavyokaa kwenye braketi, kile chuma kinachobeba pedi, ili masikio ya pedi, zile ncha zake mbili, yateleze juu yake. Hakuna. Na hapa ndipo nusu ya kelele zenu zinapozaliwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo, mniwie radhi.

Hii ni braketi iliyotolewa kwenye gari. Nang'oa klipu ya zamani kwa bisibisi. Ona chini yake. Kutu! Sisi tuko kisiwani, hewa ina chumvi, na gari inayolala Nungwi au Paje ndiyo kabisa. Kutu ikivimba chini ya klipu inaisukuma juu, nafasi ya sikio la pedi inabana. Naingiza pedi mpya: haingii. Mtu afanyeje? Anachukua nyundo. Ko, ko, ko. Imeingia, lakini sasa nashika kwa mkono kuivuta... haitoki. Ukiachia pedeli, hiyo pedi hairudi nyuma. Inaendelea kusugua diski, ringi inapata moto, unasikia harufu ya kuungua, na pedi moja inakwisha upande huku mwenzake bado nene. Halafu unasema pedi mbovu.

Fanya hivi. Brashi ya waya kwanza, kisha tupa ndogo bapa, kwangua kutu mpaka uone chuma safi. Chuma chenyewe usikile, unatoa kutu tu. Pachika klipu mpya. Sasa tazama mkono wangu: kidole kimoja, pedi inakwenda mbele, inarudi nyuma. Haibani, wala haichezi juu na chini. Hicho ndicho kipimo, yakhe, hakihitaji mashine.

Na ukifunga bila klipu kabisa? Natoa, natikisa... mnasikia? Kwenye gari utaisikia hivi: unarudi rivasi, unakwenda mbele, unakanyaga breki, inapiga "ko!" mara moja. Ni pedi inahama ndani ya braketi. Lakini kabla hujailaumu klipu, hakikisha bolti za kalipa, kile kinachobana pedi kwenye diski, zimekazwa, maana bolti iliyoregea inatoa mlio huohuo, na hiyo ikitoka njiani ni balaa. Tena angalia pini mbili ambazo kalipa inateleza juu yake: kwenye gari nyingi za Toyota moja ina kijipira mwishoni. Hazibadilishani nafasi. Ukizitoa, ziweke mezani kwa mpangilio, ya juu juu, ya chini chini.

Grisi. Wapo wenzetu mtandaoni, siwataji, wanaopuliza mafuta ya kutolea kutu kwenye diski ili "mlio uishe". Mlio utaisha, na breki zitaisha! Uso wa pedi na diski haupakwi kitu. Mkono wako ukiwa na mafuta, futa diski kwa dawa ya kusafishia breki. Grisi inayostahimili moto unapaka kwenye masikio ya pedi, na nyuma pale pistoni ya kalipa, ile inayoisukuma pedi, inapogusa, kidogo tu kama punje ya mchele kila sehemu. Kwenye pini weka grisi ya silikoni. Ile grisi ya kawaida ya beringi inavimbisha mipira, baada ya muda pini inakwama ndani.

Kelele nyingine nazipitia mbio. "Shhh" laini kilomita za mwanzo: kawaida, uso wa pedi haujazoeana na diski. "Sss" kali ukikanyaga taratibu: bati la nyuma halipo au grisi hukupaka, au diski imeng'ara kama kioo, ipitishe msasa. Mkwaruzo usiokoma hata hujagusa pedeli: chungulia bati la kuzuia vumbi nyuma ya diski, mara nyingi limepindwa wakati wa kazi. Lirudishe kwa kidole. Au kokoto imenasa hapo, sana kwa wale wa njia za vumbi. Au ule ulimi wa chuma wa kuonya pedi ikikwisha, umeufunga upande usio wake na unagusa diski. Ndiyo maana nasema piga picha kabla ya kufungua.

Diski ya zamani nayo ina ukingo uliobaki juu bila kuliwa. Pedi mpya ikiupanda, inakwaruza. Na "shwe... shwe... shwe", mara moja kila tairi likizunguka: kuna kutu kati ya diski na habu, ile sehemu diski inapokalia, diski imekaa mshazari. Toa diski, piga brashi, rudisha. Pedeli ikitetemeka pia, pima unene wa diski, kiwango cha chini kimechongwa juu yake.

Chuma kwa chuma? Simama. Usifike hata kwa jirani. Wapo wanaofunga pedi kinyume, mgongo ukaangalia diski. Msicheke, inatokea.

Na kuna kelele si ya breki kabisa: mvumo unaoongezeka na mwendo, ukikata kona upande mmoja unapungua. Hiyo beringi, iliwahi kuwepo, wewe umeanza kuisikiliza leo tu.

Ukimaliza, kabla ya kutia gia, pampu pedeli mpaka iwe ngumu. Pistoni umeirudisha ndani, mkanyago wa kwanza unazama mpaka chini. Watu wamegonga ukuta wa uani hivyo. Nati za tairi kaza kwa mpishano, kwa IST ni Nm 103 kwenye spana ya kupimia mkazo, gari ikiwa chini. Kisha asubuhi mapema, barabara tupu: kutoka 50 punguza mpaka 10 bila kusimama kabisa, mara kumi, na upe nafasi katikati zipoe. Usiishie kwenye foleni ya Darajani na mguu juu ya pedeli wakati diski bado ina moto.

Bei sasa. Boksi hili ni karibu nusu ya lile la Kijapani lenye klipu ndani. Ukijumlisha klipu za kununua kando, tofauti inabaki, lakini inapungua, na wauzaji wengi hawakwambii ununue. Mie ningelichukua, kwa sharti la klipu. Wenye gari zilizoshika kutu, chukua lile la Kijapani.

Wiki ijayo breki za nyuma, zile za dramu, kuna springi moja inayorukia watu usoni, vaa miwani. Aliyebonyeza kengele ataiona mapema. Na ukinitumia swali, usiniandikie "gari inalia". Niambie gari gani, tairi lipi, inalia ukikanyaga au ukiachia, ya moto au ya baridi.