Mifuko ya Kulalia ya Jeshi kwa Wawindaji: Upi Ununue, na Kwa Nini Upime Unene Kwanza

Kila msimu wa uwindaji ukiisha, malalamiko yanayonifikia yanafanana. Mtu kanunua mfuko wa kulalia wa jeshi, kitambaa kizima, zipu inateleza vizuri, lebo inaahidi kuhimili baridi kali. Kapanda nao mlimani, na saa nane za usiku kaamka anatetemeka ilhali baridi yenyewe haijafika hata nusu ya ile iliyotajwa na muuzaji. Alfajiri, wakati mnyama anatoka malishoni, vidole vimekufa ganzi na bunduki haishikiki. Anaamini kauziwa bandia. Mara nyingi si bandia. Ni mfuko halisi wa jeshi ambao ujazo wake, yaani nyuzi au manyoya yaliyo ndani, umekufa.

Rangi, urefu, harufu ya ghala na namna kofia inavyokaa kichwani sitavigusa, maana hivyo macho na pua vitakuambia. Unene wa ujazo ndio hauulizwi, na ndio unaoamua kama utalala.

Joto la mfuko linatokana na hewa iliyotulia kati ya nyuzi. Mifuko ya jeshi la Marekani ya miaka ya 1990 na kuendelea imejazwa nyuzi za poliesta zilizopindwapindwa ili zisukumane na kuumuka. Zikibanwa kwa muda mrefu, hasa mahali penye joto, mipindo inalala, nyuzi nyingine zinavunjika, na mfuko hauumuki tena kama zamani. Sasa fikiria njia ya mfuko wa mtumba: askari kaukandamiza ndani ya kifuko chenye kamba za kubania, ukakaa ghalani hivyohivyo, ukaingia kwenye robota la mfanyabiashara, kisha ukafungwa kwenye nailoni iliyofyonzwa hewa ili usafiri kwa nafuu. Kwa nje haujachubuka hata kidogo. Mfuko ambao haujawahi kulaliwa unaweza kuwa umechoka kuliko uliotumika misimu kadhaa na kutundikwa wazi nyumbani.

Na ile nambari ya baridi unayotajiwa? Kipimo cha Ulaya, EN 13537, na kile cha kimataifa kilichokifuata, ISO 23537, vimetungwa kwa mifuko ya raia. Mifuko ya jeshi haimo. Nambari za jeshi zina masharti yake. Ule mfumo maarufu wa Marekani wa vipande vitatu, MSS (Modular Sleep System), yaani mifuko miwili inayovaana na gamba la nje, unatajwa kuhimili hadi nyuzi 30 chini ya sifuri za Farenhaiti, yaani karibu −34 za Selsiasi. Lakini hiyo ni kwa vipande vyote pamoja, askari akiwa amevaa nguo za ndani za baridi na soksi nzito, na mfuko ukiwa mpya. Muuzaji anayekuuzia kipande kimoja chakavu kwa nambari ya mfumo mzima anakudanganya, ajue asijue.

Kupima ni rahisi. Utoe mfuko, ukung'ute kwa nguvu, uulaze sakafuni hadi kesho yake. Asubuhi ufunge zipu, simamisha rula pembeni yake na usome kimo penye kifua, penye nyonga na penye miguu. Gawa kwa mbili upate unene wa safu ya juu. Kwa mfuko wa baridi kali, safu ya juu ikipungua upana wa vidole vitatu, mimi naurudisha. Kisha linganisha sehemu na sehemu. Nyonga ikiwa imebonyea kuliko kifua, ujazo umekufa palipolaliwa. Halafu ingiza tochi ndani ya mfuko kwenye chumba cheusi: panapong'aa zaidi ndipo nyuzi zimehama au zimekwisha. Kitambaa kikiwa cheusi mno kupitisha mwanga, pitisha kidole gumba na cha shahada kila sentimita chache ukiminya, na utakutana na mashimo yasiyo na kitu. Kuufua kwa maji baridi na kuukausha kwa moto mdogo huzitawanya nyuzi zilizogandana, lakini nyuzi iliyovunjika hairudi.

Soma na lebo. Kwenye bidhaa halisi za Marekani kuna nambari ya mkataba, na baada ya herufi na tarakimu za mwanzo kuna tarakimu mbili za mwaka: 98, 01, 08. Huo ni mwaka wa mkataba, kwa hiyo unakupa makadirio ya umri. Lebo ikiwa imekatwa, umri huujui, na bei iwe ya kitu kisichojulikana.

Sasa niipange mifuko yenyewe.

Nafasi ya kwanza: mfuko mweusi wa MSS pamoja na gamba lake la Gore-Tex, kitambaa chenye utando wa kuzuia maji, uliotengenezwa na kampuni ya Marekani ya Tennier. Sifichi kwamba naipendelea Tennier Industries. Zipu zao ni nene, mishono imenyooka, na mifuko yao iliyotunzwa vizuri bado inaumuka. Mfumo kamili una mfuko mwembamba wa kijani, mweusi wa baridi, gamba la kuzuia maji na kifuko cha kubania, na wote pamoja unakaribia kilo 5. Mwindaji anayetarajia kushuka na paja la mnyama mgongoni hana nafasi ya kilo 5 za kitanda. Acha wa kijani nyumbani isipokuwa baridi ni ya kuua. Mweusi na gamba ni karibu kilo 3. Wa kijani peke yake ni wa usiku usiofika kuganda.

Poliesta inafaa uwindaji kwa sababu ikilowa bado inaacha hewa kidogo, na mwindaji hulowa: umande, theluji inayoyeyuka, jasho la kubeba nyama. Ila usilaze pua ndani ya gamba. Pumzi hugeuka maji, na kwenye baridi kali hugeuka barafu upande wa ndani. Kabla ya kununua, geuza gamba uangalie utepe uliobandikwa juu ya mishono; ukibanduka, au utando ukimenyeka, hilo ni kitambaa tu.

Ya pili: Carinthia Defence 4. Kampuni ya Austria, ujazo wake wa nyuzi bandia unaitwa G-Loft, na ukiupata uliotoka jeshini haujachoka ni mfuko wa heshima. Unachukua nafasi kubwa kwenye shanta, na wauzaji wanajua jina lake, kwa hiyo hawaushushi bei hata ukiwa umebonyea. Ndiyo sababu hauko juu.

Ya tatu: mifuko ya manyoya ya Marekani ya zamani, hasa M-1949. Wengi wanaipita kwa sababu ya umri, na wanakosea. Imejazwa manyoya laini na ya kawaida ya ndege, na manyoya yana subira ambayo poliesta haina: hata yakikaa yamebanwa muda mrefu, ukiyafua kwa sabuni yake na kuyakausha polepole hadi mabonge yaachane, mara nyingi yanaumuka tena. Mzee wa manyoya anaweza kumshinda kijana wa poliesta aliyechoka. Hofu yake ni maji: manyoya yakilowa yanashikana na joto linakwisha. Mchukue kama kambi yako ina hema kavu na hauhami kila siku.

Ya nne: ule wa Uingereza wa 1958. Manyoya, na chini una kitambaa kisichopitisha maji. Ni mzuri ukilala ardhini, ila uzito wake ni wa gari, si wa mgongo.

Mfuko wa Ujerumani wenye mikono ni wa bei ya chini na nje una mpira, kwa hiyo jasho halina pa kutokea. Kaa nao kwenye kibanda cha kuvizia mchana. Na vile vinavyoandikwa "aina ya jeshi" bila lebo ya mkataba havijawahi kuona jeshi.

Kinachoniudhi zaidi ni madaraja. "Daraja la kwanza" kwa muuzaji maana yake kitambaa hakina tundu na zipu inafunga. Hakuna daraja linalopima unene. Mtu analipa ziada kwa mfuko usio na doa na kuletewa ujazo uliolala, huku mfuko wenye doa la mafuta lakini ulioumuka vizuri unauzwa kama takataka. Mimi ningechukua wa doa bila kufikiri mara mbili. Wengine wanaunganisha mfumo kutoka vipande vya miaka tofauti, mweusi wa mkataba mmoja na gamba la mwingine, na kuuita kamili. Na bei zimepanda kwa sababu neno jeshi linauza, wakati mfuko mpya wa raia wenye kipimo cha ISO wakati mwingine haupishani sana kwa bei na ule wa jeshi na ni mwepesi kuliko huo. Bei zikikaribiana hivyo, chukua wa raia.

Kabla ya kulipa, mtake muuzaji picha mbili: lebo nzima inayosomeka, na mfuko uliolala wazi usiku kucha ukiwa na rula imesimama pembeni. Anayeuza kitu kizuri atazipiga. Anayekuambia mifuko yake yote imefungwa kwenye nailoni na hawezi kuifungua, mwambie akupe siku za kurudisha kwa maandishi, au mwache na nailoni yake.