TAHADHARI: nimepigwa laki na themanini kwa maiki "original" ya kamkoda, msilipe kabla hamjaishika

Wadau habari zenu. Naandika hii sasa hivi kwa sababu watu wanajiandaa na safari za mwisho wa mwaka na najua wengi mnatafuta maiki ya kuchomeka kwenye kamkoda, na huyu tapeli bado anauza, juzi tu nimeona tangazo lake kwa jina lingine kabisa ila picha zilezile, meza ileile yenye kitambaa cha bluu.

Ilikuwa hivi. Nina kamkoda ndogo natembea nayo safarini, picha inatoa safi ila maiki yake ya ndani anayeijua anaijua, upepo ukipita kidogo tu ni vuuuu, ukihamisha kidole kwenye bodi unasikia kama mtu anaburuza meza. Mwezi wa nane nilikuwa naenda Kilwa Kisiwani na nia yangu kubwa ilikuwa kumrekodi babu, mjomba wake mama, amesafiri na majahazi tangu kijana na anazijua nyimbo walizokuwa wanaimba wakipandisha foromali, ule mti unaobeba tanga. Nikasema safari hii lazima niwe na maiki ya maana.

Nikaona ukurasa unauza maiki ndefu ya bomba, brandi kubwa, waranti mwaka, "duka letu lipo Kariakoo". Bei laki na themanini wakati dukani nilikuwa nimeambiwa laki mbili na nusu. Nikamuuliza inaingia kwenye kamkoda? Akajibu "bosi wangu hiyo inaingia popote, simu, kamera, laptopu, wewe chomeka tu". Nikamwambia basi nielekeze mtaa nije kuichukua mwenyewe, akasema duka wanalifanyia ukarabati, nilipe boda aniletee ndani ya saa moja. Wakati wa kulipa kwenye lipa namba likatokea jina la saluni, nikamuuliza, akasema ni ya shemeji yake. Nikalipa.

Boda kaleta kweli, boksi limefungwa nailoni, stika ipo, taa ya kijani inawaka ukiweka betri. Usiku nikachomeka, vile vistari vya sauti kwenye skrini vikacheza, nikajua kazi imeisha. Sikuvaa hedifoni jamani, hapo ndipo pameniuma mpaka leo, kwa sababu hivyo vistari vinacheza hata kama kinachoingia ni mngurumo mtupu.

Babu alikaa chini ya mwembe akaongea dakika arobaini, upepo wa kusi unavuma, na mwishoni bila mtu kumuomba akaimba wimbo mzima huku anapiga gogo kwa kiganja kufuata mapigo. Usiku nimerudi gesti Masoko nafungua faili nasikia mmmmmm kama friji la zamani, na babu kwa mbaaali kama mtu yuko ndani ya kisima. Na msidhani maiki ya ndani itawaokoa, kamera nyingi zikihisi pini imeingia zinaikata ile ya ndani, kwa hiyo hakuna akiba. Alfajiri nilikuwa na basi la kurudi Dar.

Nilipofika nyumbani nikaifungua na bisibisi. Waya za betri zimeishia kwenye taa tu, haziendi kwenye maiki. Zile nafasi za pembeni ya bomba zinazotakiwa kuwa wazi ili maiki isikie mbele zaidi kuliko pembeni ni michoro ya plastiki, hazijatobolewa. Mbele kabisa kuna kimaiki kidogo kama punje ya choroko, basi. Na pini yake ni ya simu! Hii iangalieni hata kabla ya kutoa pesa: pini ya kamera ina pete nyeusi mbili, ya simu ina tatu. Ile ya simu ukiichomeka kwenye tundu la kamera bila kebo au adapta yake, nyaya hazikutani inavyotakiwa, mara nyingi unapata kimya au mngurumo. Kwa hiyo muuzaji akisema "inaingia popote" muulize kwa kebo gani.

Jambo lingine, maiki ndogo nyingi za kamkoda hazina betri kabisa, zinakula umeme mdogo unaotoka kwenye tundu la kamera. Rode VideoMicro kwa mfano haina betri, ukiletewa yenye sehemu ya betri ujue umeletewa kitu kingine. Boya BY-M1 ile ya kubana kwenye shati ina kibetri cha LR44 na swichi, ukitumia kamera lazima uisogeze upande wa kamera, kuna watu wanaisahau upande wa simu halafu wanailaani bure. Na kabla ya yote hakikisha kamkoda yako ina tundu la maiki, kuna za bei ya chini hazina.

Ukiwa dukani nenda na kamera yako na hedifoni. Chomeka, kwaruza maiki taratibu kwa kucha, usiposikia kwa karibu ujue maiki haifanyi kazi au kamera inarekodi na maiki yake yenyewe. Kama ni ya bomba, mwambie mtu aongee mbele yake halafu nyuma yake, sauti ikiwa sawasawa kote hiyo ni bomba tupu. Na kama unaenda pwani dai manyoya ya kuzuia upepo, sponji peke yake kwa kusi haitoshi.

Mimi alinibloki dakika ileile nilipomtumia picha ya pini. Komenti zake zimefungwa, sasa naelewa kwa nini. Nimechukua RB polisi na namba yake nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Babu yupo mzima na nitarudi, ila wimbo ule sijui kama utamjia tena vile.

Ukiiona meza yenye kitambaa cha bluu usilipe, piga skrinishoti na jina la lipa namba linalotokea, nitumie inboksi niongeze kwenye jalada.