Ng'ombe hazeeki maini: nimesoma riwaya ya vibibi wauaji

Nilidhani nitacheka kurasa mbili tatu kisha niiweke kando. Wanawake wanne wa miaka 60, wauaji wa kulipwa, wanastaafu. Nikasema hapa ni mizaha ya magoti kuuma tu. Killers of a Certain Age ya Deanna Raybourn, iliyotoka mwaka 2022, ikanitia adabu.

Billie, Mary Alice, Helen na Natalie wametumikia miaka 40 shirika la siri liitwalo Makumbusho, lililoanzishwa kuwasaka Manazi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Zawadi yao ya kustaafu ni safari ya starehe melini. Humo melini Billie anamtambua mtu wa Makumbusho aliyejifanya mfanyakazi wa meli. Hakuja kuwaaga. Basi hicho ndicho kiinua mgongo cha miaka 40!

Raha yake ni kwamba umri wenyewe ndio silaha. Mwanamke mwenye mvi na mkoba hakuna anayemtazama mara mbili, na hawa wanne wanalijua hilo kuliko maadui zao. Wanaua kwa akili na subira, si kwa kurukaruka juu ya mapaa. Sura za sasa anasimulia Billie mwenyewe, kwa ulimi mkali. Nyingine zinaturudisha miaka ya 1970, walipokuwa wasichana wanaofunzwa kazi. Hizo za zamani nilizisoma taratibu, maana ndizo zinazoonyesha mkono ulivyozoea.

Kasoro ninayo moja. Billie anawafunika wenzake. Nilifika katikati bado nawachanganya Helen na Natalie, hadi nikaandika majina kwenye kikaratasi nilichokuwa natumia kama alama ya ukurasa. Na wabaya wao wanashindwa kirahisi mno, kwa watu wenye shirika zima nyuma yao.

Ukitaka kitu kizito zaidi, tafuta The Old Woman with the Knife ya Gu Byeong-mo wa Korea Kusini. Muuaji wa humo, bibi aitwaye Hornclaw, ana miaka 65, yuko peke yake na mbwa wake, na mauaji katika kazi yake huitwa "kudhibiti magonjwa". Humo hakuna kicheko. Mimi nilianza na Raybourn na sijutii.

Ila juzi kwenye basi nilimpisha bibi mmoja kiti. Akanishukuru, akaupakata mkoba wake mapajani. Nikajikuta nautazama ule mkoba mpaka aliposhuka.