Begi la sola: miezi mitano mgongoni mwangu

Nililonunua ni begi la mgongoni lenye paneli ya sola iliyoshonewa kwa nje, wati 6 kwa mujibu wa karatasi yake. Nimelibeba karibu kila siku kwa miezi mitano, kwa hiyo siandiki kama mtu aliyefungua boksi jana.

Nianze na linaloniudhi. Paneli imewekwa pale watu wanapoiona, siyo pale jua linapoiona. Mchana jua liko juu, paneli nayo imesimama wima mgongoni. Ukikata kona tu, mwili wako mwenyewe unaikinga. Nilichomeka kipimo kidogo cha USB kati ya paneli na pawabenki, nikaanza kutembea: wati 1, mara nyingine haifiki hata hapo. Nikalilaza begi juu ya ukuta, uso juu: wati 4 na ushee. Mkanda wa bega ulipoangukia pembeni na kutupa kivuli cha upana wa vidole viwili, nusu yake ikapotea palepale. Seli zimeungwa kwa mfululizo, basi moja ikikosa mwanga inazibana na wenzake.

Betri ya simu yangu ni ya mAh 4,000, yaani kama wati-saa 15. Ukihesabu na umeme unaopotea njiani, unahitaji saa tano hivi za jua zuri, begi likiwa limelala. Nani hutembea na begi lililolala?

Halafu joto. Mfuko wa simu uko nyuma ya paneli kabisa, na paneli nyeusi juani huchemka. Simu yangu iligoma kuchaji ikaniambia ipoe kwanza. Siilaumu, betri za lithiamu na joto haziivi. Siku hizi pawabenki huiweka mfuko wa ubavuni.

Ila kuna jambo limenifanya nisilirudishe. Mwezi wa tatu waya ulikatika pale begi linapokunjwa. Nilishachukua mkasi nifumue mshono, nikaona ndani ya bitana kuna zipu ndogo, haionekani usipoitafuta. Nyuma yake kikasha chenye tundu la kawaida la USB. Nikachomoa kebo mbovu, nikachomeka nyingine niliyokuwa nayo drooni, kazi kwisha. Aliyechora zipu ile alimfikiria mwenye begi. Aliyechora mahali pa paneli, sijui alimfikiria nani. Mpiga picha wa tangazo labda.

Nalilinganisha na Little Sun, ile taa ya mkononi ya msanii Olafur Eliasson na mhandisi Frederik Ottesen iliyotoka 2012. Mchana unailaza kifudifudi, paneli ya mgongoni mwake itazame jua, usiku unaigeuza iwake. Kazi mbili zisizogombania saa. Au meza ya Marjan van Aubel, mbunifu wa Uholanzi, iitwayo Current Table: kioo cha juu chenyewe ndicho paneli, kinafanya kazi hata kwa mwanga wa ndani. Meza hukaa ilipowekwa, imelala tayari. Begi halitulii.

Kwa hiyo kwa kutembea nalipatia nyota mbili. Kwa anayekaa mahali pamoja juani nusu siku, nne. Mvua bado sijalijaribu nayo: paneli imefunikwa plastiki vizuri, lakini tundu la kutolea kebo liko juu kabisa na halina kifuniko.